Osmundi Alikuwa Mwanafunzi Wangu

Mkufunzi Gama alipofika pale kwenye hotuba yake anaposema "nikaenda mpaka nyumbani kwao, wakanikaribisha ugali kwa dagaa," niliweka sahani yangu ya pilau chini ya kiti nikasimama. Mwanangu wa pili, mdogo wake Neema, alikuwa amelala mgongoni kwangu. Ukumbi ule wa Bombambili, hapa Songea, una bati tupu juu, mchana unakuwa kama tanuri, na tangu asubuhi tulikuwa tumekaa tunasubiri wageni wa heshima, halafu hotuba, halafu hotuba nyingine. Mkufunzi alikuwa anaagwa, anastaafu. Sisi tuliosoma kwake tulikuwa tumepangiwa meza mbili za nyuma, karibu na masufuria. Mshereheshaji aliponiona nimesimama alidhani naleta zawadi. "Karibu mama! Wanafunzi wake hao, jamani, makofi!" Akaniletea kipaza sauti mwenyewe, mkononi.

"Shikamoo Mkufunzi."

"Marahaba, Winfrida. Karibu sana."

"Huyo Osmundi unayemsimulia, dada yake aliitwa nani?"

Hakuwahi kujibu. Meza zetu mbili zilimjibia kwa pamoja, kwa sauti ya darasa la kwanza: "Gaudensiaaa!" Wakacheka wenyewe. Wageni nao wakacheka, wakaona ni mzaha wa zamani wa mwalimu na watoto wake.

"Asanteni. Na mama yao?"

Meza zetu zikatazamana. Nilisikia kijiko kikianguka kule kwa wapishi. Mkufunzi alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. "Ni miaka mingi, mwanangu. Nilikuwa kijana. Majina yanapotea."

"Si ulikula kwake? Ulikula kwa mama wa watu hata hukumuuliza jina?"

Ditrami, aliyekuwa kiongozi wetu wa darasa, akanivuta upindo wa kitenge. "Mama Neema, kaa chini bwana. Unatuharibia shughuli." Hapo ndipo nilipoishiwa uvumilivu. Niliyoyasema baada ya hapo sitayaandika yote, mengine hayafai hata mbele ya mtoto aliyelala. Nilisema neno mwizi, na nililisema kwenye kipaza sauti. Halafu nikatoka, nikatembea mpaka nyumbani Mfaranyaki kwa miguu, kwa sababu pochi nilikuwa nimeisahau juu ya kiti na sikuwa tayari kurudi kuifuata.

Watu wakiandika habari za maisha yao huanza na baba na babu na kijiji walikozaliwa. Mimi huko sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu uko kwenye mwaka mmoja, mwaka wa mwisho wa chuo, nilipokuwa nanyonyesha Neema na kujiandaa na mtihani wa taifa wa ualimu kwa wakati mmoja. Nilipanga chumba kwa Bibi Hedwiga, Mfaranyaki, nyumba ya tofali za kuchoma, chumba cha uani kilichopakana na jiko. Tulikaa wawili, mimi na Zainabu wa Tunduru, na Neema katikati yetu kitandani. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa mweusi kwa moshi na ukiuegemea unapata joto, kwa hiyo miezi ya baridi tulikuwa tunagombania upande ule. Zainabu alikuwa ananipisha. "Lala wewe na mtoto, mimi Myao, nina joto langu," alikuwa anasema, huku amejifunga khanga mbili na soksi. Alikuja na korosho kutoka kwao akazificha kwenye begi chini ya nguo, na kila Bibi Hedwiga alipopita mlangoni alikuwa anasema, "Humu ndani kunanukia utajiri," mpaka Zainabu anatoa konzi moja.

Bibi Hedwiga ndiye aliyekuwa anabaki na Neema. Alikuwa mjane, mtu wa misa ya kila asubuhi, mdomo mkali. Nikirudi chuoni mchana, kabla hata sijavua viatu: "We Winfrida, huyu mtoto amekula kidole changu chote hiki. Ziwa liko wapi?" Nakaa kwenye kigoda, nanyonyesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine unapembua maharage, na Zainabu anasoma kwa sauti madaftari yetu ili yaniingie. Hivyo ndivyo nilivyosoma saikolojia. Mpaka leo nikisikia "hatua za ukuaji wa mtoto" nasikia harufu ya maharage yanayotokota.

Mkufunzi Gama alikuwa anatufundisha namna ya kujibu mtihani. Hilo halikuwa somo kwenye ratiba, lakini kwake lilikuwa somo kuliko masomo yote, na nitasema ukweli, alikuwa analijua. Alikuwa anaingia bila kitabu, suruali imenyooshwa mpaka inakata, anaandika swali ubaoni na kutuuliza, "Linataka nini?" Tukikurupuka kujibu swali anatunyamazisha. "Sijasema mjibu. Nimesema linataka nini." Alitufundisha kusoma swali lote kabla ya kugusa kalamu, halafu kupiga mstari chini ya neno linaloamuru. Likisema taja, taja, usianze kuhutubia. Likisema eleza, usitaje ukakimbia. Likisema linganisha, vitu viwili vitembee pamoja mpaka mwisho wa ukurasa, usimalize kimoja ndipo umkumbuke mwenzake. Anza na swali unalolijua, mkono upate joto. Usiache pengo hata kama unaona aibu na ulichonacho, maana karatasi tupu haina cha kuhurumiwa. Na kwenye kila hoja, vitu vitatu: hoja yenyewe, sababu yake, mfano wake. "Hoja bila mfano ni maneno ya kwenye komoni," alikuwa anasema, na darasa linacheka, maana wengine tulikuwa tunawajua walivyo wakishainywa pombe hiyo. Hayo yote ninayatumia hata sasa. Ninawafundisha hata watoto wangu wa darasa la nne. Ndiyo maana hasira yangu inachosha, kwa sababu haikai upande mmoja.

Lakini alikuwa na jambo lingine, alilokuwa analiita kiporo. Swali la insha, alikuwa anasema, halipikwi siku ya mtihani. Unalipika mapema, unaliweka, siku ikifika unalipasha moto. Kwa hiyo akawa anaandaa majibu kamili, na utangulizi wake na hitimisho lake, anatusomea nasi tunaandika neno kwa neno, kisha tunakariri. Jioni Mfaranyaki nzima ungetusikia, wanachuo kwenye vyumba vya kupanga, kila uani mtu anaghani "elimu ni mchakato unaomwezesha mtu". Bibi Hedwiga alituuliza siku moja tunaimba nini. Zainabu akamwelezea habari ya kiporo. Bibi akamkazia macho. "Darasa zima mnakula sufuria moja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mtaharisha siku moja."

Tulicheka mpaka Neema akaamka.

Sasa Osmundi. Kabla ya muhula wa mwisho tulipelekwa mazoezi ya kufundisha, mimi nikapangiwa shule moja ya Mpitimbi, darasa la pili. Nilienda na Neema mgongoni. Darasani kulikuwa na mtoto wa kiume, msafi, macho yake hai kabisa, lakini ukimwuliza swali anakutazama tu. Si kwamba anaogopa. Anakutazama kama mtu anayesubiri basi. Mwalimu wa darasa aliniambia nisijisumbue, yule ni mzito. Nami ningeacha, ila maandishi yake kwenye daftari yalikuwa sawa yote. Jumamosi moja nikaenda kwao. Mama yao alikuwa anaanua mahindi, akaacha, akanipikia dagaa wa Nyasa na ugali, akanishikia Neema ili nile. Watoto wakaketi kuzunguka sinia lao. Osmundi alikuwa na njaa, unaiona kabisa, lakini mkono wake ulikaa juu ya goti mpaka dada yake, Gaudensia, alipomega tonge la kwanza. Gaudensia alipomega, naye akamega. Mama akaniambia wala si kwa kujisifu, "Hapa kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Hata kusema." Nikabaki na tonge mkononi. Maana Gaudensia alikuwa amerudia darasa, na alikuwa anakaa dawati la nyuma yake. Mtoto yule muda wote alikuwa anamsubiri dada yake ajibu kwanza, na dada mtu alikuwa hajui majibu.

Jumatatu nikawa naanza na Gaudensia. Namwuliza jambo jepesi analoliweza, anajibu, halafu namgeukia Osmundi. Siku ya kwanza aliyofungua mdomo, alijibu na la kwangu na la mwenzake na la kesho. Nililia nikisingizia chaki.

Tuliporudi chuoni kila mmoja alisimama kueleza aliyokutana nayo. Wengi walisema upungufu wa madawati. Nilipomaliza kueleza habari ya Osmundi, Mkufunzi Gama aliyekuwa ameegemea dirisha alisimama wima. "Rudia hapo kwenye sinia." Nikarudia. Wiki iliyofuata aliingia na kiporo kipya. Swali: eleza tukio moja ulilokutana nalo katika mazoezi ya kufundisha, na uoneshe hatua ulizochukua. Jibu: Osmundi wangu, Gaudensia wangu, dagaa, sinia, vyote, vimevalishwa maneno makubwa. Darasa likainamia madaftari. "Winfrida," akasema, "kisa chako sasa ni mali ya darasa. Tabasamu basi." Nikatabasamu. Nilikuwa mama mdogo wa mtoto asiye na baba wa kumtaja, chuoni walikuwa wananiita Mama Maziwa, na leo mkufunzi anasoma kisa changu ubaoni. Ni nani asingetabasamu?

Ditrami peke yake aliuliza. "Mkufunzi, hili si linasema tukio ulilokutana nalo wewe?"

"Badilisheni majina," Mkufunzi akajibu. "Wasahihishaji wana mirundo ya karatasi. Nani atamjua Osmundi?"

Siku ya mtihani ule nilimnyonyesha Neema getini mpaka dakika ya mwisho, Bibi Hedwiga akiwa amesimama kama askari. Nikakaa, nikasoma maswali yote, nikapiga mistari yangu. Swali lilikuwepo. Liliandikwa karibu vilevile. Nilisikia darasa zima likishusha pumzi, kama watu waliotua mizigo, na kalamu zikaanza kukimbia. Mimi nilikaa. Nilijua kila kalamu mle ndani inaandika nini. Niliwaza kuandika la upungufu wa madawati. Lakini swali lilisema ulilokutana nalo, na mimi nilikutana na Osmundi. Nikaandika kwa maneno yangu, sikugusa ya kiporo, nikaandika na jina la mama yao na jinsi alivyonishikia mtoto. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yote, nikaweka sweta mapajani nikaendelea.

Matokeo yalipotoka, ya kwetu hayakutoka. Yalizuiliwa. Nadhani hata mtu mwenye mirundo ya karatasi hushangaa akikutana na Osmundi yuleyule Mbinga, Namtumbo, Tunduru na mjini Songea, shule zote hizo, wiki hizohizo. Wengine walibadilisha majina kama walivyoambiwa: Osmundi akawa Athumani, akawa Patriki, mwingine alimfanya msichana. Lakini dada yake alibaki anamsubirisha kila mahali, na dagaa walibaki dagaa.

Chuo kikaunda kamati. Tuliitwa mmojammoja ofisini kwa mkuu. Ilikuwa ofisi yenye pazia la kijani na birika la chai ambayo hakuna aliyekaribishwa. Walikuwa watu wazima watatu, na pembeni Mkufunzi Gama, aliyeletwa kama mkufunzi wa darasa, anachezea kalamu yake. Tuliokuwa kwenye benchi nje tulisikia kila kitu kwa sababu dirisha halifungi. Wenzangu waliotangulia walikuwa wameogopa. Nilimsikia Ditrami akiapa kwamba alimfundisha Osmundi yeye mwenyewe. Nilimsikia wa pili. Nilimsikia Zainabu, Zainabu wangu, akisema kwa sauti ndogo, "Wallahi ni mwanafunzi wangu." Ikafika zamu yangu.

"Osmundi ni nani?"

"Ni mwanafunzi wangu," nikasema.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya hata, walicheka kwa kuchoka, kama watu waliosikia wimbo mmoja tangu asubuhi. "Na wewe pia," akasema yule mama wa katikati. "Huyu mtoto ana walimu."

Nilimgeukia Mkufunzi Gama. Alijua. Alikuwa ameegemea dirisha siku ile, aliniambia nirudie hapo kwenye sinia. Ilihitajika sentensi moja tu kutoka kwake. Akafunga kalamu yake, akasema, "Watoto wa siku hizi, Mkuu, wanapenda mteremko."

Darasa lote tukafutiwa karatasi ile, tukaambiwa turudie mwaka unaofuata. Nilitaka kuandika barua siku ileile. Wenzangu wakaja kwa Bibi Hedwiga kama wanaokuja msibani, wakajaa uani. "Ukimtaja Mkufunzi, atasema tuliandika kwa akili zetu, tutafukuzwa kabisa," Ditrami akasema. "Wewe una uhakika wa kufaulu tena, Mama Neema. Sisi je?" Sikuwa na nguvu ya kubishana. Neema alikuwa anaota meno na tulikuwa hatujalala wiki nzima. Zainabu alikaa kitandani akitazama ukuta mweusi. Hakurudia mtihani. Alifunga begi lake akaenda kwao kwenye mikorosho, akaacha kilo nzima ya korosho juu ya mto wangu, na kwa miaka mingi hatukupigiana simu.

Nilirudia, nikafaulu, nikapata cheti. Ningeweza kuyaacha hapo. Ninafundisha kwa kujitolea, nasubiri ajira kama wengine wote. Lakini kila shule inayotaka kunichukua inaandikia chuo kuuliza habari zangu, na chuo kinajibu kutoka kwenye jalada langu kwamba nilihusika na udanganyifu wa pamoja. Mwaka jana mkuu wa shule moja alikuwa ameshanionesha darasa nitakalofundisha, ameshanionesha mpaka msumari wa kutundika mkoba. Majibu ya chuo yakafika. Alinipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka getini. Kwa hiyo nilipokaa kwenye ule ukumbi na kumsikia yule mzee anawaambia watu Osmundi alikuwa wa kwake, alipokuwa kijana, na watu wanamfuta jasho kwa upendo, sikusimama kwa ajili ya kisa tu. Yeye kisa kimempa makofi. Mimi kisa hichohicho kinaninyima kazi.

Kesho yake asubuhi simu iliita nikiwa nafua. Namba siijui.

"Mama Maziwa."

Nikakaa kwenye ndoo. "Zainabu?"

"Video yako ya ukumbini imefika mpaka Tunduru. Umepiga kelele vizuri. Andika sasa. Mimi nitasema nilichosema siku ile kwenye kamati, na nitasema kwamba ulikuwa uongo. Sina cheti cha kuninyang'anya."

Nilikwenda kwanza Mpitimbi kumwomba mama yake Osmundi ruhusa ya kulitaja jina lake. Alikuwa anaanua mahindi tena, utadhani hakuwahi kuondoka pale. Osmundi amefika sekondari, ananipita urefu. Nilipomsalimia, alimtazama kwanza dada yake.

Barua niliiandika kama tulivyofundishwa, hoja, sababu na mfano, kisha nikaipeleka mwenyewe masjala ya chuo. Karani alitaka kuipokea bila muhuri, nikamwambia sina haraka, nimekuja na mtoto na uji wake. Akagonga muhuri na kwenye nakala yangu. Inasema hivi:

Mkuu wa Chuo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAELEZO YALIYOMO KATIKA JALADA LANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninalalamika kwamba jalada langu linasema nilifanya udanganyifu katika mtihani. Sikufanya. Swali lilitaka tukio nililokutana nalo, nami niliandika tukio nililokutana nalo. Waliolichukua walipewa na mkufunzi wao darasani, kwa kuandikishwa, na waliambiwa wabadilishe majina. Mkufunzi huyo alikuwemo kwenye kamati nilipohojiwa, alijua kisa ni cha nani, na hakusema.

Kwa mfano, wenzangu wote wanajua jina la mtoto na la dada yake, kwa sababu yalikuwa kwenye jibu tulilokaririshwa. Jina la mama yao halikuwemo, na ninaamini halimo kwenye karatasi ya mtu mwingine yeyote. Nilipomuuliza Mkufunzi mbele ya watu, hakulijua. Mwanachuo mwenzangu wa wakati huo, aliyeidanganya kamati kwa hofu, yuko tayari kuja kutoka Tunduru kusema ukweli mbele yenu.

Ninaomba maneno hayo yafutwe kwenye jalada langu, na shule zilizopelekewa ziandikiwe upya. Kuhusu wenzangu siombi adhabu kwa yeyote.

Mama wa Osmundi na Gaudensia anaitwa Benedikta. Yuko hai, yuko Mpitimbi, ananikumbuka mimi na mtoto aliyenishikia. Amesema mkimtuma mtu kwenda kuuliza, afike mchana, atampikia.

Mimi,
Mwalimu Winfrida